Karabini na bunduki ndefu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ninaishi Moshi na kazi yangu ni kuongoza wageni kwenye maeneo ambako Waingereza na Wajerumani walipigana katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kati ya mwaka 1914 na 1916, kuanzia pande za Himo hadi Longido. Wengi wa wageni wangu ni Watanzania: wanafunzi, walimu wa historia, wastaafu wa jeshi, vijana waliosoma chuo cha wanyamapori cha Mweka. Karibu kila kundi huwa na mtu anayeuliza kuhusu bunduki za wakati ule, na swali linalorudi kuliko yote ni tofauti ya karabini na bunduki ndefu ya askari wa miguu, ile tunayoiita raifo. Majibu mengi yaliyozagaa mitandaoni yametoka kwenye michezo ya kompyuta, na yamewachanganya watu. Haya ndiyo majibu ninayoyatoa mimi.

Karabini ni nini hasa?

Ni bunduki ya begani yenye mtutu mfupi kuliko raifo ya ukoo wake. Hayo maneno "ya ukoo wake" ndiyo yanayobeba jibu. Karabini nyingi za zamani hazikubuniwa upya. Kiwanda kilikuwa tayari kinatengeneza raifo ya askari wa miguu. Kikachukua bolti ile ile (chuma kinachofunga nyuma ya mtutu), chemba ile ile (mahali risasi inapokaa kabla ya kupigwa) na risasi zile zile, kikafupisha mtutu na mbao zake na kupunguza uzito. Ni kaptura iliyoshonwa kwa kitambaa kile kile cha suruali. Kwa hiyo ukioneshwa bunduki moja ikiwa peke yake, bila kuijua jamaa yake ndefu, huwezi kusema kwa uhakika kwamba hii ni karabini.

Ndani ya mtutu wa karabini ninazozizungumzia hapa kuna mifereji iliyojisokota, sawasawa na ya raifo, ambayo huifanya risasi izunguke na kwenda imenyooka. Karabini haiko kwenye kundi lake la peke yake kama ilivyo shotigani au bastola. Ni raifo fupi.

Je, kuna urefu maalumu unaotenganisha hizo mbili?

Hakuna, na hapa ndipo watu wanapobishana bure.

Chukua Mauser ya Ujerumani ya mwaka 1898. Mtutu wake ni sentimita 74 na bunduki nzima ni mita 1.25. Mwaka 1935 Wajerumani wakaanza kutumia karabini ya 98k: mtutu sentimita 60, urefu wote mita 1.11. Hapo mambo yako wazi, ndefu na fupi. Sasa iweke 98k kando ya M1 Garand, raifo kamili ya askari wa miguu wa Marekani katika Vita vya Pili vya Dunia. Mtutu wa Garand ni sentimita 61 na urefu wote ni mita 1.10. Yaani kile ambacho Mjerumani alikiita karabini, Mmarekani alikuwa nacho akakiita raifo, na kwa kipimo cha utepe huwezi kuvitofautisha.

Songa mbele hadi M16 ya Marekani. Hii ni raifo, hakuna anayepinga, lakini mtutu wake ni sentimita 50.8, mfupi kuliko wa ile karabini ya Kijerumani. Karabini ya ukoo wa M16 ni M4, yenye mtutu wa sentimita 36.8. Ukitazama karne nzima utaona mwelekeo mmoja: kila kizazi cha raifo kimekuwa kifupi kuliko kilichotangulia, mpaka raifo ya leo ikafikia urefu ambao babu zetu wangeuita wa karabini.

Hata jina lililoandikwa kwenye vitabu vya jeshi halitoshi. Katika miaka ya 1920 jeshi la Ujerumani lilikuwa na bunduki iliyoitwa karabini ya 98b, na mtutu wake ulikuwa mrefu sawa na wa raifo ya 1898. Mtu akikuletea jina, ulizia na kipimo.

Lakini nimesoma kwamba karabini lazima iwe na mtutu wa inchi 16.

Hiyo ni sheria ya Marekani. Kule raia akitaka raifo yenye mtutu chini ya inchi 16, yaani sentimita 40.6, anaingia kwenye taratibu nzito za usajili. Kwa hiyo viwanda vya huko hutengeneza bunduki nyingi za kiraia zenye mtutu wa inchi 16 kamili au zaidi kidogo, na hizo ndizo unazoziona kwenye video. Sheria hiyo haihusiani na maana ya karabini wala na sheria zetu.

Ilitengenezwa kwa ajili ya nani?

Kwa mtu ambaye mikono yake ina kazi nyingine. Wa kwanza kabisa ni askari mpanda farasi. Mkono mmoja umeshika hatamu, upanga unaning'inia kiunoni, na bunduki ya zaidi ya mita moja na robo ikiwa mgongoni inagonga shingo ya farasi, inakwama kwenye matawi, inamzuia mtu kupanda na kushuka. Akapewa fupi.

Baada yake wakafuata wapiga mizinga, wahandisi wa kijeshi, walinzi wa misafara, baadaye madereva na waendesha pikipiki. Hao kazi yao ya siku nzima ni gurudumu, koleo, kamba au usukani. Bunduki ni ya kujilinda mambo yakiharibika. Ukielewa hilo, umbo la karabini linajieleza lenyewe. Mkono wa bolti, ambao kwenye raifo ya 1898 unachomoza pembeni kama kigingi, kwenye karabini nyingi umekunjwa chini ulale karibu na mbao, usichome mbavu za mtu wala kunasa kwenye tandiko. Mkanda nao, ambao kwenye raifo unafungwa upande wa chini, huhamishiwa ubavuni ili bunduki ilale bapa mgongoni.

Kama fupi ni nyepesi na haisumbui, kwa nini kila askari hakupewa?

Sababu ya kwanza ni singe, kile kisu kinachofungwa mdomoni mwa bunduki. Kwa muda mrefu bunduki ya askari wa miguu ilihesabiwa pia kuwa mkuki. Alitakiwa amfikie adui aliye juu ya farasi, kwa hiyo kila sentimita ilikuwa na thamani. Ukipita Dar es Salaam, tazama ile sanamu ya Askari iliyowekwa mwaka 1927: bunduki na singe vimenyooshwa mbele kwa pamoja, na utaona jinsi silaha ile ilivyokuwa ya kufikia mbali hata bila risasi.

Sababu ya pili ni safu. Askari walipopigana wakiwa wamesimama safu mbili, mdomo wa mtutu wa aliye nyuma ulipaswa kupita kichwa cha aliye mbele. Mtutu mfupi ungemlipukia mwenzake sikioni.

Ya tatu ni baruti ya zamani, ile nyeusi, ambayo ilihitaji mtutu mrefu ili risasi ipate kasi ya maana. Baruti isiyo na moshi ilipoenea baada ya miaka ya 1880, hitaji hilo likapungua sana, lakini majeshi yaliendelea na urefu wa zamani kwa mazoea.

Waingereza walibadilika baada ya kuumia. Katika vita dhidi ya Makaburu, 1899 hadi 1902, wapanda farasi wao waliokuwa na karabini walipigwa kutoka mbali na wakulima wenye raifo ndefu za Mauser, bila uwezo wa kujibu. Wakaamua kwamba kuanzia sasa kuna bunduki moja kwa wote. Wakaacha Lee-Enfield ndefu yenye mtutu wa sentimita 77 hivi, wakaacha na karabini yake ya sentimita 53, wakatengeneza ya katikati yenye mtutu wa sentimita 64. Wamarekani wakafanya vivyo hivyo na Springfield ya mwaka 1903, yenye sentimita 61. Kwa maoni yangu huu ndio uamuzi wa busara kuliko yote katika historia ya bunduki hizi, maana ulimtazama anayeibeba na anayepigwa nayo, ukaacha kutazama gwaride.

Mtutu ukifupishwa, kinapotea nini?

Kasi, kwanza kabisa. Baruti ikiwaka inageuka gesi, na gesi hiyo inaisukuma risasi kwa muda wote iliyomo ndani ya mtutu. Ikishatoka mdomoni, hakuna cha kuisukuma tena. Mtutu mrefu unaipa gesi nafasi ya kusukuma zaidi. Ila msukumo mkubwa uko mwanzoni, karibu na chemba. Kadiri risasi inavyosogea mbele gesi inatanuka na nguvu yake inapungua. Kwa hiyo sentimita kumi za mwisho zina faida ndogo kuliko kumi zilizotangulia.

Kwa risasi za kawaida za raifo, makadirio yanayotumika ni kwamba kila sentimita inayoondolewa hupunguza mwendo kwa kati ya mita 3 na 6 kwa sekunde. Lakini inategemea sana risasi yenyewe, na mfano mzuri uko hapa hapa kwetu. SAR na SMG, majina unayoyasikia kila polisi wanapotangaza silaha zilizokamatwa, kwa kawaida ni SKS na bunduki za ukoo wa AK. Zote mbili hutumia risasi ile ile ya milimita 7.62 kwa 39. Mtutu wa SKS ni sentimita 52, wa AK ni 41.5. Tofauti ni zaidi ya sentimita kumi, lakini mwendo unashuka kutoka mita 735 kwa sekunde hadi 715 tu. Kwa nini? Ganda la risasi hiyo ni dogo, lina baruti kidogo, na sehemu kubwa ya kazi imeshakwisha risasi ikiwa bado haijafika mbali ndani ya mtutu.

Linganisha na M16 na M4. Pale mtutu umepungua sentimita 14, na risasi nyembamba ya milimita 5.56 inapoteza takribani mita 60 kwa sekunde kutoka kwenye mwendo wa mita 900 na ushee. Risasi ile inategemea mwendo mkali ili ifanye kazi yake, kwa hiyo hasara hiyo inahisiwa zaidi umbali ukiongezeka.

Kinachofuata ni kelele na moto. Mtutu mfupi unaiachia risasi itoke gesi ikiwa bado ina shinikizo kubwa, na gesi hiyo inalipuka hewani mbele ya uso wako. Warusi walikuwa na raifo ya Mosin yenye mtutu wa sentimita 73, kisha mwaka 1938 wakatoa karabini yake yenye sentimita 51, risasi zile zile zenye nguvu. Karabini ile inajulikana duniani kote kwa mwale wa moto unaotoka mdomoni, na jioni unaonekana kutoka mbali. Mwisho ni teke. Bunduki ikiwa nyepesi na risasi haijapunguzwa nguvu, bega ndilo linalolipa.

Ni kweli karabini haina shabaha?

Hapana. Mtutu mfupi si mtutu mbaya. Tena mtutu mfupi na mnene hautikisiki sana risasi inapopita, hivyo ukiufunga kwenye meza ya majaribio unaweza kuipita mitutu mirefu iliyo myembamba.

Tatizo lilikuwa kwenye vilengeo vya chuma. Kilengeo cha nyuma na cha mbele vikikaribiana, kosa dogo la jicho linakuwa kosa kubwa kule mbali. Kwenye raifo ndefu vimeachana sana, kwa hiyo jicho linagundua mapema kwamba mkono umeyumba. Ukiweka darubini juu ya bunduki, tofauti hiyo inatoweka. Kinachobaki ni kwamba risasi yenye mwendo mdogo huanguka mapema zaidi na husukumwa zaidi na upepo, na hapo mpigaji wa karabini anapaswa kulijua umbo la njia ya risasi yake vizuri kuliko mwenye ndefu.

Katika vita vya 1914 hadi 1916 huku kwetu, walibeba karabini au raifo?

Karibu wote walibeba raifo, na hadithi yake inastahili kusimuliwa taratibu.

Vita vilipoanza, askari wengi Waafrika wa jeshi la Wajerumani walikuwa bado na Mauser ya modeli ya 1871. Ni bunduki ndefu na nzito, ya milimita 11, inayobeba risasi moja moja, tena ya baruti nyeusi. Kila ukipiga, wingu jeupe linakuzunguka. Wenzako wanashindwa kuona mbele na adui anajua mahali ulipolala. Kombania chache tu ndizo zilizokuwa na Mauser mpya ya 1898.

Tarehe 3 Novemba 1914 Waingereza walivamia Longido, siku zile zile walipokuwa wanashuka Tanga. Upande wao kulikuwa na walowezi wa Kenya waliojiunga na kikosi cha wapanda farasi cha Afrika Mashariki. Upande wa Wajerumani nao kulikuwa na walowezi wenye farasi. Mgeni akisikia wapanda farasi anategemea karabini na panga. Haikuwa hivyo. Watu hawa walipanda farasi ili kufika upesi, wakifika wanashuka na kupigana kwa miguu, kwa hiyo walihitaji bunduki ya kupiga mbali. Ukisimama kwenye miteremko ya Longido utaelewa. Mbuga iko wazi kuelekea Namanga, na mtu anayepanda kutoka bondeni anaonekana kabla hajafika kwenye mwamba wa kujificha. Upande wa juu, katikati ya miti na mawe, raifo ya mita moja na robo inakuwa ya kuhangaisha. Mlima mmoja unataka silaha mbili tofauti. Usiku ule Waingereza wakarudi nyuma.

Kule Tanga waliacha mamia ya bunduki, bunduki za mtombo na risasi takribani 600,000. Silaha hizo zikawavisha upya baadhi ya askari waliokuwa na modeli ya 1871, na ndiyo sababu katika miaka iliyofuata bunduki ya Mwingereza ilionekana mikononi mwa askari wa Mjerumani. Mtoto wa shule akinionyesha picha na kuuliza mbona askari wa Kijerumani ameshika Lee-Enfield, jibu ni Tanga.

Machi 1916 Jenerali Smuts, kamanda wa upande wa Waingereza, alipita kwenye vilima vya Latema na Reata karibu na Taveta, na katikati ya mwezi huo Moshi ikaangukia mikononi mwake. Alikuja na maelfu ya wapanda farasi kutoka Afrika Kusini, nao walibeba raifo. Farasi wale wakateketea kwa mbung'o na maradhi walipoelekea kusini, na waliokuwa wamepanda wakamaliza safari kwa miguu. Kama wangekuwa na karabini za wapanda farasi, wangekuwa askari wa miguu wenye silaha isiyowafaa.

Kwa hiyo SMG ya polisi wetu ni karabini?

Kwa urefu wa mtutu ingeweza kupita. Kwa ukoo, hapana, kwa sababu haikufupishwa kutoka kwenye raifo ndefu zaidi. AK ilizaliwa na urefu huo. Jina la SMG tumelizoea na kila mtu anaelewa kinachosemwa, ila kitaalamu jina hilo linafaa silaha ndogo zinazotumia risasi za bastola, na AK haitumii hizo.

Na SAR?

Waliobuni SKS waliiita karabini tangu mwanzo. Kwangu inakaa katikati: urefu wake wa mita 1.02 ni sawa na karabini za bolti za Warusi, lakini risasi yake ilikuwa mpya na ndogo, haikurithiwa kutoka kwenye raifo ya Mosin.

Gobole fupi je?

Hapana. Gobole linashindiliwa kutoka mbele na ndani ya mtutu ni laini, halina mifereji. Ni silaha ya aina nyingine, hata likiwa na urefu wa mkono.

Kuna karabini isiyotumia risasi za raifo yake?

Ipo, na maarufu kuliko zote ni M1 Carbine ya Marekani, iliyopitishwa mwaka 1941. Jina linafanana na la M1 Garand na wengi hudhani ni Garand iliyokatwa. Hazina undugu wowote. M1 Carbine ina uzito wa kilo 2.4 hivi na mtutu wa sentimita 45.7, na risasi yake ni fupi, milimita 7.62 kwa 33, yenye nguvu inayozidi kidogo theluthi ya ile ya Garand. Iliundwa kwa ajili ya dereva, fundi wa redio na mpiga mizinga, watu ambao vinginevyo wangepewa bastola, na bastola ni ngumu kumpata nayo mtu aliye umbali wa kutoka goli moja la uwanja wa mpira hadi jingine. Zilitengenezwa zaidi ya milioni 6. Maelezo niliyotoa kwenye swali la kwanza hayaikamati bunduki hii, na sijaona sababu ya kuyapinda ili yaikamate. Imeitwa karabini kwa kazi yake.

Zipo pia zinazotumia risasi za bastola. Winchester ya mwaka 1873 ilipendwa Marekani kwa sababu mtu aliweza kununua bastola ya kiunoni inayotumia risasi zile zile, akabeba mfuko mmoja tu.

Nimesikia kuhusu karabini ya msituni ya Waingereza. Ilifika Afrika Mashariki?

Ilifika. Ni Lee-Enfield namba 5, iliyotoka mwaka 1944. Waliondoa mbao, wakachimba chuma hapa na pale, wakafupisha mtutu, na uzito ukashuka hadi kilo 3.2 hivi kutoka zaidi ya 4 za raifo namba 4. Mdomoni waliweka kizuia mwale chenye umbo la faneli, na kwenye kitako wakabandika kipande cha mpira. Kipande hicho ni chembamba kuliko kitako chenyewe, kwa hiyo teke lote linakusanyika mahali padogo begani. Risasi ilikuwa ile ile ya .303 (namba za namna hii hutokana na upana kwa inchi), yenye nguvu zake zote.

Vikosi vya King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari Waafrika, ambavyo vilikuwa na vijana wengi wa Tanganyika, viliitumia Malaya na Kenya katika miaka ya 1950. Malalamiko yaliyoifuata ni kwamba ilikuwa inahama shabaha: unailenganisha leo, kesho inapiga pembeni. Hata hivyo msituni, ambako huoni zaidi ya mita hamsini, ufupi ulikuwa na maana kuliko usahihi wa mita mia tano.

Wawindaji wa Arusha wanatumia zipi?

Wawindaji bingwa wengi wenye makao Arusha wanabeba raifo za bolti au za mitutu miwili, za .375 H&H, .416, .458 na kuendelea. Kwa nyati na tembo .375 ndiyo kiwango cha chini wanachokitambua wote. Mitutu yao mara nyingi ni sentimita 56 hadi 66. Risasi ya .375 H&H, ambayo imekuwepo tangu mwaka 1912, ina ganda kubwa lenye baruti nyingi, na ukiipa mtutu wa karabini unachoma baruti hewani huku ukiziba masikio ya msaidizi wako aliyesimama kando. Nisingeshauri.

Ilikuwepo karabini moja ya uwindaji iliyopendwa sana huku mwanzoni mwa karne iliyopita, Mannlicher-Schönauer ya 1903. Mtutu wake ni sentimita 45 na mbao zake zinaenda hadi mdomoni. Risasi ni nyembamba, milimita 6.5, lakini ndefu, na inapenya kwa kina cha kushangaza. Mwindaji W. D. M. Bell aliua tembo kwa risasi za namna hiyo. Alijua anatomia ya fuvu la tembo vizuri mno, na wengi waliojaribu kumwiga bila ujuzi huo waliwajeruhi wanyama au wakajeruhiwa wao.

Kwa askari wa uhifadhi hesabu ni nyingine. Anashinda kwenye Land Cruiser, anashuka na kupanda, anapita kwenye migunga yenye miiba. Fupi inamfaa.

Nitaitambuaje kwenye picha ya zamani?

Kwanza tafuta kitu cha kupimia. Kitako kikiwa chini karibu na mguu wa askari aliyesimama, mdomo wa raifo ya 1871 utamfika kifuani au begani. Karabini itaishia karibu na kiuno au mbavu. Pili, tazama mkono wa bolti, umenyooka pembeni au umekunjwa. Tatu, tazama mkanda ulipofungwa. Nne, tazama kilengeo cha mbele: karabini nyingi zina masikio mawili ya chuma yanayokilinda, kwa sababu zilikuwa zinachomekwa na kuchomolewa kwenye ala ya ngozi ya tandiko.

Jihadhari na raifo za kijeshi zilizokatwa baadaye na wakulima au wawindaji. Zilikuwa nyingi nchi hii. Dalili yake ni mbao zilizoishia ghafla katikati, au kilengeo cha mbele kilichochomelewa ambacho hakifanani na chuma kingine.

Nina raifo ya kibali. Naweza kuifupisha iwe karabini?

Usifanye. Silaha za raia zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kibali chako kinahusu silaha ile kama ilivyosajiliwa. Kifundi pia ni hatari: mdomo wa mtutu ukikatwa vibaya risasi inatoka imepinda, na kilengeo hakipo tena mahali pake. Ukiona ndefu haikufai, nenda Polisi uulize utaratibu wa kubadilisha silaha.

Nimeokota maganda ya risasi za zamani Longido. Nifanye nini?

Ganda tupu ukiligeuza utaona maandishi madogo kwenye kitako chake, mara nyingi mwaka na alama ya kiwanda. Ganda lenye ukingo uliojitokeza kwenye kitako, kama wa kofia, kwa kawaida ni la .303 ya Mwingereza. Lenye mfereji uliozama bila ukingo ni la Mauser ya 1898. Lipige picha, andika mahali ulipoliona, liache hapo hapo. Mahali ganda lilipoangukia panamwonyesha mtafiti mtu alisimama wapi na alikuwa anaelekea wapi, na ukilitia mfukoni habari hiyo imepotea.

Risasi ambayo bado ina kichwa chake usiiguse kabisa, hata kama imeshika kutu. Toa taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji au kituo cha polisi kilicho karibu, na wazuie watoto wasiisogelee mpaka waje kuichukua.